Kampaundi zinazoshika shaba na majaribio yake kwa samaki pundamilia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mazungumzo yanapofika kwenye dawa za kutoa shaba mwilini na samaki wadogo wanaotumiwa kuzijaribu. Wanaouliza ni wanafunzi wa vyuo vya Mombasa na Kilifi, wafugaji wa samaki wa mapambo, na jamaa za wagonjwa. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kampaundi inayoshika shaba ni nini hasa?

Ni molekuli yenye atomi, aghalabu za nitrojeni, salfa au oksijeni, zinazoweza kuizunguka ayoni ya shaba na kuikamata pande kadhaa kwa pamoja. Shaba iliyokamatwa vizuri haipati tena nafasi ya kuharibu seli, na nyingi hutoka mwilini kwa mkojo au nyongo.

Ya kale zaidi kati ya zile zinazomezwa ni penisilamini, iliyoanza kutumiwa na daktari Mwingereza John Walshe mwaka 1956. Daktari huyohuyo alileta trientini mwaka 1969 kwa ajili ya wagonjwa ambao miili yao iliikataa penisilamini. Ya tatu inayotajwa sana ni tetrathiomolibdeti, ambayo huibana shaba pamoja na protini za damu.

Zinki haimo kwenye kundi hili, ingawa nayo hupewa wagonjwa walewale. Kazi yake ni kuzifanya seli za utumbo zitengeneze protini inayoinasa shaba ya chakula, kisha seli hizo zinapobambuka shaba hutoka nazo kwenye choo. Ukitaka kuijaribu zinki kwa kiinitete cha samaki, ambacho bado hakijaanza kula, utakuwa unajaribu kitu kingine kabisa.

2. Kama mwili unaihitaji shaba, mbona itolewe?

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 0.9 za shaba kwa siku. Bila shaba, kimeng'enya cha mwisho katika safari ya kutengeneza nishati ndani ya mitokondria hakifanyi kazi, rangi ya ngozi na nywele haitengenezwi, na nyuzi za kolajeni hazifungamani.

Tabu huanza shaba inapozidi. Katika ugonjwa wa Wilson, ulioelezwa na Samuel Alexander Kinnier Wilson mwaka 1912, jeni iitwayo ATP7B ina hitilafu na ini linashindwa kuitoa shaba kupitia nyongo. Shaba hujaa kwenye ini, kisha kwenye ubongo na pembezoni mwa mboni ya jicho. Huwapata watu wanaokadiriwa kuwa 1 kati ya 30,000. Upande wa pili kuna ugonjwa wa Menkes, ulioelezwa mwaka 1962, ambapo jeni ndugu, ATP7A, ndiyo mbovu: shaba haifiki inakohitajika, na mtoto huwa na nywele hafifu zilizosokoteka huku ubongo wake ukidhoofika.

Magonjwa haya mawili yafaa kukaa kichwani kwa pamoja. Kampaundi inayomwokoa mgonjwa wa Wilson, ikizidishwa, humsukuma kuelekea hali inayofanana na Menkes.

3. Kwa nini samaki, na kwa nini huyu?

Samaki pundamilia, ambaye wauzaji wa samaki wa mapambo humwita danio, asili yake ni mito na mabwawa ya Asia ya Kusini. Akikua ana urefu wa sentimita 3 hadi 4 tu. Jike hutaga mayai kwa mamia, yanatungishwa nje ya mwili, na kiinitete ni angavu: moyo unapiga mbele ya macho yako siku moja tu baada ya utungisho, bila kupasua chochote. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyemfanya awe mnyama wa maabara kwa kazi aliyoichapisha mwaka 1981. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2013 ilionekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenza kwa samaki huyu.

Kwa suala la shaba ana faida moja kubwa kuliko zote hizo: akikosa shaba, inaonekana kwa macho. Tazama swali la 6.

4. Naweza kununua danio dukani nikaanza majaribio?

Kuwaweka nyumbani, naam. Majaribio ya kupima sumu, la. Samaki wa dukani hujui umri wake, ukoo wake wala dawa alizotiwa, na maduka mengi hutibu madoa meupe kwa mrututu, yale mawe ya buluu ambayo ni shaba salfeti yenyewe. Samaki aliyekwisha kuogeshwa shaba ataharibu vipimo vyako, na mayai yake vilevile si ya kuaminika. Mambo ya vibali yako kwenye swali la 14.

## Usalama

5. Usalama unapimwaje?

Mwongozo unaotumika kote ni namba 236 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, uliopitishwa mwaka 2013. Unatumia viinitete kwa saa 96 tangu utungisho, joto la nyuzi 26 za Selsiasi, katika sahani za vishimo 24, kiinitete kimoja kwa kila kishimo. Viwango vitano vya kampaundi, viinitete 20 kwa kila kiwango. Kila baada ya saa 24 unaangalia ishara nne za kifo: yai limeganda, vipande vya misuli vya mgongoni havikuundwa, mkia haukujitenga na kiiniyai, moyo haupigi.

Jaribio lina masharti yake. Mayai yawe yametungishwa angalau asilimia 70, kundi la maji matupu libaki hai angalau asilimia 90, na kundi linalopewa sumu inayojulikana, 3,4-dikloroanilini ya miligramu 4 kwa lita, lipoteze angalau asilimia 30. Wanafunzi huliona sharti hili la mwisho kama kupoteza mayai. Lakini kama sumu inayojulikana haikuua, utasemaje kwamba kampaundi yako ni salama kwa sababu haikuua?

Kutoka hapo unapata LC50, ukolezi (wingi wa kampaundi ndani ya maji) unaoua nusu ya viinitete. Namba hiyo ni mwanzo tu, maana kampaundi za kushika shaba huharibu kiinitete katika ukolezi ulio mbali sana chini ya ule unaokiua. Anayetangaza LC50 peke yake kwa kampaundi ya aina hii hajaeleza usalama wake.

6. Nitajuaje kwamba kampaundi imetoa shaba kupita kiasi?

Weka sahani chini ya hadubini saa 48 baada ya utungisho. Kwenye kishimo cha maji matupu utaona jicho jeusi tititi na madoa meusi yaliyojipanga mgongoni na ubavuni. Kwenye kishimo chenye kampaundi kali kama neokuproini, jicho ni la kijivu au halina rangi kabisa na mwili mzima umepauka. Kisha fuata notokodi, ule mhimili unaopita katikati ya mwili kutoka kichwani hadi mkiani. Badala ya kunyooka imepindapinda, kama ukili uliosukwa na mkono usiozoea. Moyo bado unapiga na kiinitete bado kinajikunja ukikigusa na ncha ya pipeti. Kwa ishara nne za swali la 5 kinahesabiwa mzima.

Kila dalili ina kimeng'enya chake. Tairosinasi inayotengeneza melanini haifanyi kazi bila shaba, ndiyo maana rangi inapotea. Laisili oksidesi inayofunganisha nyuzi za kolajeni nayo hutegemea shaba, ndiyo maana ala ya notokodi inalegea na mhimili unapinda. Samaki mwenye hitilafu katika atp7a, aliyepewa jina la "calamity" na kuelezwa mwaka 2006, ana dalili hizihizi bila kupewa dawa yoyote.

Kwa hiyo rekodi rangi na notokodi kila siku, kwa kila kiinitete, na upige picha. Rangi huanza kupungua katika ukolezi mdogo, notokodi hupinda ukolezi ukizidi, kifo huja baadaye sana. Mpangilio huo ndio unaokuonyesha nafasi ya usalama iko wapi.

7. Madhara yanaweza kuwa ya kampaundi yenyewe na si ya kukosa shaba. Nitatofautishaje?

Rudisha shaba. Andaa kundi lenye kampaundi pamoja na shaba ya ziada kwa uwiano unaolingana na jinsi molekuli inavyoshika. Rangi ikirudi na notokodi ikinyooka, tatizo lilikuwa upungufu wa shaba. Madhara yakibaki palepale, molekuli ina sumu yake nyingine.

Andaa na kundi la zinki na la chuma. Kampaundi nyingi hazichagui. Zinasema ni za shaba lakini zinanyakua pia metali nyingine ambazo kiinitete kinazihitaji. Kama zinki ndiyo iliyowaokoa, umejifunza jambo kubwa kuhusu kampaundi yako, hata kama si ulilolitarajia.

## Ufanisi

8. Ufanisi nao unapimwaje?

Njia ya kwanza ni kupima shaba yenyewe: kusanya viinitete vingi, vioshe, viyeyushe kwa asidi safi ya nitriki, kisha upime kwa ICP-MS, mashine inayopima metali hata zikiwa kidogo sana. Kiinitete kimoja ni kidogo mno kwa kazi hii. Kuosha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu shaba hujishikiza kwenye ganda la yai na ukaihesabu kama imo mwilini.

Njia ya pili ni kuangalia kama kampaundi inamkinga samaki na shaba iliyozidi. Ubavuni mwa samaki kuna mstari wa vifundo vyenye seli za nywele, vinavyohisi mwendo wa maji. Shaba huziua seli hizi haraka sana: kwa vifaranga, mikromola 10 za shaba salfeti kwa saa 2 zinatosha kuziangamiza. Ukizitia rangi inayong'aa kama DASPEI, seli hai hung'aa chini ya hadubini na zilizokufa zinatoweka, nawe unahesabu.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Ukichanganya shaba na kampaundi kwenye chupa moja kisha ukamwagia samaki, na seli zikapona, umethibitisha kwamba kampaundi inashika shaba ndani ya maji. EDTA, kemikali ya kawaida ya maabara inayoshika metali, nayo hufanya hivyo vizuri sana, na kwa shida sana inaingia mwilini mwa kiinitete. Mgonjwa haji hospitalini na shaba kwenye glasi. Anakuja nayo kwenye ini. Jaribio linalokaribia hali yake ni kumpa samaki shaba kwanza, kumwosha, kumhamishia maji safi, ndipo umpe kampaundi. Kwa kuwa seli za nywele zitakuwa zimeshakufa, hapo unarudi kwenye kipimo cha ICP-MS na kwenye hali ya ini.

9. Inayoshika shaba kwa nguvu zaidi ndiyo bora?

Hapana, na hili ningependa kila mwanafunzi alishike kabla hajagusa pipeti. Neokuproini inaishika shaba kwa nguvu sana, na kwa sababu hiyohiyo inakiacha kiinitete bila rangi na kimepinda. Dawa nzuri inachukua shaba iliyozidi na inaiachia tairosinasi, laisili oksidesi na mitokondria shaba zinayoihitaji.

Kwa hiyo usiandike matokeo ya usalama ukurasa mmoja na ya ufanisi ukurasa mwingine. Yaweke kwenye mchoro mmoja: ukolezi unaoanza kumkinga samaki na shaba, na ukolezi unaoanza kumpotezea rangi. Umbali kati ya mistari hiyo miwili ndio thamani ya kampaundi. Mistari ikigusana, kampaundi hiyo si dawa, hata nguvu yake ya kushika iwe kubwa kiasi gani.

10. Kampaundi yangu iliongeza sumu ya shaba badala ya kuipunguza. Nimekosea?

Huenda hukukosea lolote. Kuna kampaundi zinazoishika shaba na kutengeneza umbo linalopenya utando wa seli kwa urahisi, kisha zinaiachia ndani. Kliokwinoli, disalfiramu na elesklomoli zina tabia hiyo. Kwenye bomba la majaribio zinaonekana zimeikamata shaba. Ndani ya samaki zimeibeba hadi kwenye mitokondria. Mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba shaba inayofika huko hujishikiza kwenye protini zenye asidi ya lipoiki na kuiua seli kwa njia ya pekee.

Tabia hiyo yenyewe inatafutiwa matumizi, mathalan dhidi ya saratani na katika Menkes, ambapo lengo ni kuiingiza shaba. Lakini ukitaka dawa ya Wilson, ni onyo. Rudia jaribio bila kuongeza shaba: sumu ikipungua sana, una kibebashaba mkononi.

## Maji, joto na vifaa

11. Nitumie maji gani hapa Mombasa?

Maji ya mfereji yanatoka Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, yana klorini, na hayafanani wiki hadi wiki kutegemea chanzo kipi kimefunguliwa. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Maji ya chupa kila kampuni ina madini yake. Yote haya yaache kwa matumizi mengine.

Tengeneza maji ya viinitete mwenyewe kutoka maji yaliyoondolewa ayoni: sodiamu kloridi milimola 5, potasiamu kloridi 0.17, kalisi kloridi 0.33 na magnesi salfeti 0.33. Sababu ni ya kikemia. Kalisi hushindana na shaba kuingia kwenye matamvua, na mabaki ya mimea huishika shaba kabla haijamfikia samaki. Shaba ileile kwenye maji mepesi huua, kwenye maji magumu samaki anaogelea. Ripoti yoyote ya shaba isiyotaja ugumu wa maji na pH haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Osha vyombo vya kioo kwa asidi hafifu ya nitriki, maana shaba ya jana hubaki ukutani mwa chupa.

12. Maji yanayodondoka kwenye AC si ni safi kama yaliyochemshwa kwa mvuke?

Mafundi huyatia kwenye betri za gari, na wazo la kuyatumia maabara limezoeleka. Usiyatumie. Mvuke hugandia kwenye koili, na koili nyingi za AC ni mirija ya shaba yenye mapezi ya alumini. Unakuwa umeanza jaribio la shaba kwa maji yaliyopita juu ya shaba. Koki za shaba nyeupe nazo huachia kidogo maji yakilala ndani yake usiku kucha.

13. Joto letu linafaa? Na umeme ukikatika?

Viinitete hukuzwa kwa kawaida nyuzi 28.5, kwa hiyo Mombasa heta haina kazi kubwa. Shida yetu ni kupoza. Februari na Machi chumba kisicho na AC hupita nyuzi 31 mchana, ukuaji unaharakishwa, na kiinitete cha saa 48 kinaonekana kama cha saa nyingi zaidi. Ukilinganisha rangi ya siku hiyo na ya wiki ya baridi utadhani kampaundi imefanya kazi. Weka kipimajoto kinachojirekodi ndani ya inkubeta. Umeme ukikatika usiku na joto likapanda, jaribio hilo lirudiwe, na sababu iandikwe.

## Vibali na taka

14. Nahitaji kibali kwa viinitete vidogo hivi?

Utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na taasisi yako inapaswa kuwa na kamati ya maadili inayopitia kazi ya wanyama. Kuagiza samaki hai kutoka nje kunahitaji vibali vya uvuvi na vya mifugo. Ulaya sheria huanza kumlinda samaki anapoanza kula mwenyewe, yaani karibu saa 120 kwa huyu, na ndiyo maana vipimo vingi husimama saa 96. Mimi nashauri kamati ipewe taarifa hata kwa kazi ya chini ya umri huo. Vifaranga vinavyoonyesha mateso viondolewe mapema kwa dozi kubwa ya dawa ya ganzi, trikaini. Visiachwe vifike mwisho wa saa kwa ajili ya kujaza jedwali.

15. Maji yenye shaba nimwage wapi?

Si kwenye sinki. Mifereji mingi ya mji mwisho wake ni Kilindini au Tudor, na mabuu ya chaza ni miongoni mwa viumbe vinavyoumizwa na shaba kidogo sana. Kusanya kwenye dumu lenye lebo na ulikabidhi kwa msimamizi wa taka za kemikali wa taasisi yako. Tusiwapime samaki wa ugenini kwa uangalifu huku tukiwaua wa kwetu.

## Maswali ya pembeni

16. Naweza kutumia PTU ili kiinitete kibaki angavu?

Katika kazi nyingine PTU, yaani fenilithiourea, hutiwa ili kuzuia rangi isifiche viungo vya ndani. Katika kazi hii iache kabisa. Inazuia tairosinasi, ambayo ndiyo kengele yako, na yenyewe hushikana na shaba ya kimeng'enya hicho.

17. Nataka kujaribu mlonge au mwarobaini badala ya kemikali.

Inawezekana, na ni swali zuri, lakini ujue unachokipima. Majani yana tanini na jamii yake zinazoshika shaba, chuma na protini kwa pamoja, na yenyewe yana shaba kiasi. Pima shaba ya dawa yako ya majani kabla ya kuanza. Maji yakigeuka rangi ya chai, tofauti ya madoa ya kiinitete inakuwa ngumu kuonekana, na oksijeni hupungua bakteria wakianza kula mabaki. Badilisha maji kila siku, na fanya kundi la swali la 7 bila kukosa.

18. Mtoto wetu ana Wilson na tumesikia kampaundi mpya imefaulu kwa samaki. Tumtafutie?

Msimpe, na tafadhali msimwachishe dawa aliyoandikiwa. Samaki hupokea dawa kupitia maji yanayomzunguka pande zote. Mtoto huimeza, inapita utumbo na ini. Kampaundi iliyofaulu kwa samaki imepata ruhusa ya kujaribiwa kwa panya, na baada ya hapo kuna hatua za watu wazima kwa idadi ndogo. Hata penisilamini, yenye miaka mingi hospitalini, huwazidishia baadhi ya wagonjwa dalili za ubongo mwanzoni, na ndiyo maana daktari huianza polepole na kufuatilia mkojo na damu.

Kuiacha dawa kwa sababu mtoto anaonekana mzima ni hatari kubwa kuliko zote katika ugonjwa huu. Shaba hurudi kimyakimya na ini linaweza kuanguka ghafla. Jambo la haraka la kufanya ni kuwapima ndugu zake, kwa sababu kila mmoja wa baba na mama wale wale ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na ugonjwa, na anayetibiwa kabla ya dalili huishi vizuri.

19. Je, kahawa ya dele la shaba ndiyo iliyomletea?

Hapana. Wilson hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Ila mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa asinywe wala kupikiwa kwenye chombo cha shaba ambacho bati lake la ndani limechakaa, na apunguze maini, chaza na korosho, hasa mwaka wa kwanza wa matibabu.